Manukato Yasiyotaka Haraka

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka nacheka peke yangu, hata nikiwa kanisani. Ni siku watu wa Mutua walipokuja kwetu Kathiani na mbuzi wa ntheo, wale wa kuonyesha kwamba kijana ameamua kuoa na hana mzaha. Neno la mwisho lilikuwa la susu yake, yaani nyanya yake, mama asiyekawia kusema. Asiponikubali, mbuzi wangerudi walikotoka. Nami nilimpenda Mutua, sifichi.

Shangazi alikuwa ameniletea chupa ndogo ya manukato kutoka Nairobi. Siku hizi binti yangu, anayeuza manukato mjini Machakos, ananiambia aina ile huitwa shipre. Nilijipaka, nikanusa: ukali wa ganda la limau, na uchungu fulani nyuma yake. Sasa harufu ya maua aliyoniahidi shangazi iko wapi? Nikajipaka tena, na tena. Mikono, shingo, hadi nywele. Halafu nikaenda kuwamiminia wageni uji kwenye vibuyu, na kibuyu kinavyoshika harufu, wajua mwenyewe.

Susu akapiga funda moja, akakiweka chini.

"Nani ameosha huu uji na sabuni?"

Mama akanitupia lile jicho lake. Mutua akaangalia viatu vyake, na mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Susu hakunifukuza. Alinituma nikanawe, ingawa harufu haikuisha, kisha akanikalisha kando yake, wazee wakienda kukagua mbuzi. Nilikaa pale machozi yakinilenga. Wazee wakabishana weee, ati mbuzi mmoja pembe yake imevunjika. Jua lilikuwa limeshasogea sana susu alipouvuta mkono wangu, akaunusa polepole kama anayepima maziwa.

"Nusa sasa."

Nikanusa. Mwanangu, maua yalikuwa yamefika. Waridi na asumini, lakini si ya kitoto; chini yake kulikuwa na harufu ya gome bichi na ule ukijani unaoota juu ya mawe ya mtoni. Utamu na uchungu vimekaa pamoja bila kugombana. Nilijisikia mtu mzima kwa mara ya kwanza.

"Harufu haikuwa na kasoro," susu akasema. "Ni wewe hukuipa nafasi. Ukija kwetu, usimfanyie mjukuu wangu hivyo. Huyo naye huanza na uchungu."

Mimi nilisikia hilo "ukija kwetu" tu. Na alisema kweli: Mutua hadi leo, kabla ya saa nne asubuhi, usimsemeshe.

Sasa sikiza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tone moja latosha. Nyinyi mnapenda manukato ya kunukia keki, yanayomaliza maneno yote mlangoni. Sikatai, kila mtu na pua yake. Lakini kuna vitu, na kuna watu, wasiokuonyesha moyo wao dakika ya kwanza. Jipake kidogo, fanya kazi zako, unuse tena jioni kabla hujasema hapana. Mimi nusura niseme hapana kwa kitu kizuri, kumbe kilikuwa bado njiani.

Mungu akupe subira, mwanangu, na akuzungushie watu wanaozidi utamu kadiri unavyokaa nao.