Kifaransa Hakina Mkwe

Daktari wetu alizijua lugha zetu zote, na ndiyo maana hatukumwambia kitu.

Mimi ni shemeji yake wa kike, kwa kuwa alimwoa binti wa mama yangu mkubwa. Kwetu shemeji anaruhusiwa kukucheka mbele za watu, hata msibani, nawe huna haki ya kukasirika. Ruhusa hiyo naitumia hapa bila haya. Haya tulikuwa nayo ya kututosha mji mzima wa Kalemie, na tutaona ilitufikisha wapi.

Kabla yake hospitali yetu ilikuwa na daktari mzungu, mrefu, mwekundu wa shingo, aliyejua maneno matatu ya Kiswahili: jambo, fungua na funga. Mengine yote yalipita kwa muuguzi mmoja mzee kutoka Kabalo, ambaye mjini hapa hakuwa na ndugu hata wa kusingiziwa. Wanawake waliwamwagia hao wawili mambo yote ya chumbani. Mgonjwa anasimulia mpaka mate yanamkauka, muuguzi anageuza kwa maneno mawili ya Kifaransa, mzungu anaguna na kuandika dawa. Tulinung'unika sana. Tukasema, lini na sisi tutapata daktari wa kwetu, anayetusikia?

Mungu hamtupi mja wake, tukampata, mtoto wa hapahapa aliyekuwa tayari ameoa kwetu. Aliteremka kwenye treni amevaa abakosti, ile suti isiyovaliwa tai, iliyonyooshwa mpaka inang'aa. Ilikuwa miaka ile ya Zaire tulipokuwa tunarudishwa kwenye uasili, wenyewe wakiuita authenticité, kwa amri ya serikali: majina ya ubatizo marufuku, tai marufuku, na kila mtu aitwe sitwayen, yaani raia. Siku ya kumkaribisha alisimama kwenye uwanja wa hospitali akahutubia.

"Kati ya munganga na mugonjwa, hakutaingia tena mudomo ya muntu mwingine," alisema. "Kila mama ataniambia ugonjwa yake kwa luga yake. Ile njo authenticité!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Muuguzi wa Kabalo akahamishiwa kwenye stoo ya dawa.

Kitu ambacho hotuba ilisahau ni kwamba uasili una wakwe. Mama mkwe hamtazami mkwewe usoni, hali mbele yake, wala hamtajii kitu chochote cha chini ya shingo. Na mama mkwe si yule aliyemzaa mkeo peke yake. Ni dada zake wote, na binamu zake, na wanawake wa ukoo wake. Yaani, katika mtaa wetu, kila mwanamke aliyeanza kuota mvi. Iko dawa ya jambo hili, nayo ni kuku. Mkwe huleta kuku wa kufungua kinywa, na mama mkwe akishampokea anaweza angalau kusema naye neno la maana. Daktari wetu, wakati wa ndoa yake, alitoa mbuzi, blanketi na majembe, lakini kuku huyo alimcheka. Alisema yeye ni mtu wa sayansi. Tai alivua, kuku hakuleta, na hivyo ndivyo alivyorudi kwenye uasili.

Mzungu alipouliza, aliuliza mgeni kwa mdomo wa mgeni. Huyu aliuliza mwenyewe, kwa Kiswahili cha mwambao wa ziwa letu kilichonyooka, na ukijifanya hukusikia alirudia kwa Kitabwa cha nyumbani. Hapakuwa na pa kujificha. Basi wanawake wakaugua kichwa.

Mwenye tumbo aliugua kichwa. Mwenye mimba iliyoharibika aliugua kichwa. Mmoja aliingia anachechemea, nyonga imemtoka, akaketi upande, kitenge usoni, akasema kichwa. Daktari naye alikuwa mtoto aliyelelewa; alitazama dirishani kwa heshima, akatoa vidonge. Baadaye, kwenye mkutano wa Chama, alieleza kwa kirefu kwamba vichwa vya akina mama vinatokana na jua linalorudishwa na ziwa, akashauri wavae vilemba vikubwa zaidi. Wauza vitenge walimpenda sana mwaka ule.

Kisha mama yangu mkubwa, mama mkwe wake wa damu, akaugua kichwa kuanzia mvua hadi mvua, akafa. Sisi tuliomwosha tuliona titi lake la kushoto. Lilikuwa gumu, lina kidonda ambacho mkono mzima ungeingia, na alikuwa amekifunga kwa vitambaa safi vilivyokunjwa vizuri. Tukamvisha sanda. Nje daktari alikuwa analia kwa kweli na kuuliza watu, "Lakini ilikuwa kichwa tu?" Nilikuwa na ruhusa ya kumcheka na sikuweza. Nilimchukia siku ile, nikamchukia na marehemu kwa adabu yake, na sisi wote tuliojua kufunga midomo kuliko kufunga vidonda.

Haikupita miezi mingi nikaona mama yangu mzazi haketi tena kanisani. Alisimama nyuma, karibu na mlango, misa nzima. Nyumbani nikakuta vitambaa vimeanikwa chini ya nguo nyingine, mahali ambapo macho ya majirani hayafiki. Mama alikuwa ameacha kwenda mwezini miaka mingi nyuma.

"Nimerudia usichana," aliniambia, akacheka.

Mimi sikucheka. Alikuwa mdogo wake marehemu, na nilikwisha kuona jinsi watu wa nyumba ile wanavyokufa kwa heshima. Nikamwambia kesho tunakwenda hospitali, au nasimama mtaani na kutangaza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Sauti ya kutangaza ninayo.

Kesho yake tuliingia kwa daktari. Mama akageuza kiti, akampa mgongo mkwewe na kuutazama ukuta. Daktari akageukia dirisha.

"Mama, inakuuma wapi?"

"Kichwa, mukwe."

Akachukua kalamu. Kumtajia mwanamume huyu aibu ya mama yangu, mbele ya mama yangu, kwa lugha ambayo sote watatu tulinyonya nayo, kungekuwa kumvua nguo. Kunyamaza kungekuwa kumzika. Nikainama sikioni mwa mama nikamwuliza afanyeje mtu aliye na mama mmoja tu.

"Umwambie kwa Kifaransa," alisema. "Kifaransa haina mukwe."

Nikamwambia daktari kwa Kifaransa: damu, tangu lini, nyingi kiasi gani, maumivu upande upi. Mama, ambaye hakujua neno hata moja, alikuwa anaitikia kwa kichwa kama yuko kwenye misa ya Kilatini. Na yule bingwa wa uasili akapumua, akageuka kutoka dirishani, akaniuliza maswali mazuri, mafupi, yote kwa Kifaransa. Sijawahi kumwona akiwa daktari kama dakika zile. Kisha akasema lazima ampime sasa hivi.

Niliposema hayo kwa Kiswahili, mama alisimama. "Hapana. Bora nimufuate dada yangu."

Hapo nikaitumia ruhusa yangu ya ushemeji. "Shemeki," nikamwambia, "uko na masomo mingi, na kuku moja ilikushinda. Muntu atafungua mwili namna gani, nawe hata kinywa hujamufungulia?"

Nilidhani atanifukuza. Alinitazama, akavua koti lake jeupe, akatoka mwenyewe kwenda sokoni, wagonjwa wakiwa wamejaa barazani. Alirudi amekumbatia kuku mwekundu mbele ya hospitali nzima. Mama alimpokea kuku kwa mikono miwili, bado akitazama ukuta, akamfunga kwenye mguu wa meza. Kisha akapanda kitandani na kujifunika kitenge usoni.

Daktari alimpasua yeye mwenyewe juma lile, akatoa kilichopaswa kutoka. Wageni wodini walimwuliza mama amepasuliwa nini, naye, bendeji ikiwa chini ya kitovu, alijibu, "Kichwa." Barazani, akina mama wakwe walikuwa wamesikia habari za kuku na kila mmoja alikuwa anamdai wake. Muuguzi wa Kabalo alitolewa stoo haraka, kwa kuwa yeye hakudaiwa kuku na mtu.

Mama aliporudi nyumbani, daktari alikuja na kuku wa pili, jogoo mweupe, akasimama mlangoni hajui amkabidhi nani. Mama akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Hii njo ya dada yangu," alimwambia. "Umupelekee kule makaburini. Na umuulize kwa luga yake mahali gani ilikuwa inamuuma. Sasa njia iko wazi, atakuambia yote."

Daktari alimkumbatia jogoo wake, akashika njia ya makaburini.