Kidirisha cha Betri

Sikia, wewe unayehangaika na jaribio la programu ya kompyuta linalofeli bila sababu: nami nilihangaika hivyo Homa Bay, miaka ya tisini. Mimi na mwenzangu, mwanamke kutoka Migori, tulikuwa tumetengeneza programu ya kuchapa matokeo ya mitihani, na mwalimu mkuu alikuwa anakuja mchana kuamua kama ataichukua. Tuliijaribu kwa chombo kilichorekodi mibofyo yetu ya kipanya na kuirudia chenyewe. Kila mara kilikwama kwenye kitufe cha kuhifadhi. Nikibofya mimi, kitufe kilikubali.

"Naandika upya sehemu hii," nikasema.

"Omera, ndugu yangu, weka mikono mfukoni kwanza," akasema. "Tutazame."

Chombo kikaanza. Umeme ukayumba, kama kawaida ya huko, na kidirisha cha betri ya akiba kikachomoza kwenye skrini, juu ya kitufe, kututaarifu kuwa umeme umeyumba. Mkono wangu ukaruka kukifunga.

"Mfukoni!" Akacheka. "Unakifunga kama mtu anayefukuza inzi, hata hujui. Chombo hakina mazoea yako. Kinabofya palepale, kinagonga kidirisha."

Hadi leo nauhusudu utulivu wake: mwalimu mkuu yuko njiani, na mwenzangu amekaa anatazama tu. Alizima taarifa za betri, jaribio likapita hadi mwisho, na mwalimu mkuu akaondoka na programu yetu.

Kwa hiyo, kabla hujabadilisha programu, endesha jaribio mikono ikiwa mfukoni, utazame ni nini kinachofunika kitufe. Kizime, kisha ujaribu tena.