Wimbo Uliobaki Nje ya Skrini

Asubuhi ile nilitoka Mabatini bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa nimekaa pale miezi minne, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vipuri vya baiskeli, na hakuna aliyenifukuza. Niliamka tu, nikafunga begi, nikampelekea mwenye duka ufunguo. Akaniuliza, "Safari ya wapi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Haya, ukifika upajue," akaendelea kujaza upepo tairi la mteja. Mimi niko hivyo tangu kidato cha pili. Sikuacha shule kwa kukosa ada wala kwa utundu. Siku moja nilipita njia nikaona watu wanachimba kisima kwa mashine, nikasimama kuangalia, na wiki ikaisha.

Mtaa wa pili lori la soda lilikuwa linashusha kreti. Nikasaidia, kwa sababu nilitaka kujua kreti tupu hupangwaje zisianguke kwenye kona. Dereva akaniuliza kama naweza kumsaidia kushusha na kule Kigongo. Kwa hiyo nikawa ninakwenda Kigongo.

Nilipafahamu Kigongo ya zamani, ya watu kusubiri kivuko huku wakila samaki na kununua vitu ambavyo hawakuvihitaji. Siku hizi magari yanapita juu darajani bila hata kupunguza mwendo, na vyumba vilivyokuwa hoteli vimegeuka kuwa stoo, saluni na mambo mengine. Tulipomaliza kushusha kreti, nikasikia sauti ya mwanamume ikitoka katika chumba kimojawapo: "Mtu asiguse! Nimesema mtu asiguse kitu chochote!"

Mwenye akili zake angepita. Mimi niliweka begi chini, nikachungulia.

Ndani walikuwamo watu kama ishirini, akina mama na akina baba, wote wamevaa kitenge cha kijani cha sare moja. Kuta zilikuwa zimebandikwa trei za mayai kuanzia chini mpaka juu, na dirishani limesimamishwa godoro la kuzuia kelele. Ilikuwa studio ya kurekodia. Katikati, kijana mwenye hedifoni shingoni alikuwa ameinamia kompyuta ndogo, kijasho kinamtoka. Huyo ndiye prodyuza. Nyuma yake alisimama mwanamume mwembamba mwenye tai, mwalimu wa kwaya. Kwenye kiti pekee kilichokuwapo alikaa bibi mmoja mkongwe, anakunywa maji ya moto kwenye kifuniko cha chupa ya chai, ametulia kuliko wote.

Mlangoni palikuwa na mama mnene, mchangamfu. Nikamwamkia, nikamuuliza kuna nini, na kumbe alikuwa akingoja mtu wa kumuuliza.

"Sisi tumetoka ng'ambo, mwanangu, tumevuka na lori kabla hata jogoo hawajamaliza. Tumekuja kurekodi wimbo mmoja tu. Unamwona yule bibi? Wimbo ni wake. Kautunga mwenyewe, na tangu mimi niko msichana anauanzisha yeye. Sasa kesho asubuhi anahama. Anakwenda Musoma kwa mwanawe, moja kwa moja, miguu imekataa. Kwa hiyo ni leo au basi tena. Na ameimba! Ameimba mpaka mimi nimelia, na mimi huwa silii ovyo. Tumemaliza tu, ile programu ikapotea kwenye kompyuta."

"Ikapoteaje?"

"Muulize yule mwenye hedifoni. Au muulize mkewe."

Mke alikuwa na saluni chumba cha pili. Prodyuza alikuwa anafanya kazi kwa skrini mbili, ile ya kompyuta na TV kubwa ambayo ni mali ya mkewe, na programu ya kurekodia alikuwa ameiweka kwenye TV ili aione vizuri. Walikuwa wamekubaliana kwamba saa nne TV irudi saluni. Saa nne kamili akaja bibi harusi mtarajiwa na wasaidizi wake, wakataka kutazama kitu wakati wanasukwa. Mke akaingia studio kwenye noti ya mwisho ya wimbo, akachomoa waya, akabeba TV yake akaondoka.

Prodyuza alilalamika kwa kuuambia ukuta: "Ungesubiri hata dakika mbili!"

Ukuta ukajibu: "Makubaliano yetu saa ngapi?"

Ile alama ya programu ilikuwa bado ipo chini ya skrini. Aliibonyeza mbele yangu mara nyingi. Ikawaka, ikafifia, ikawaka, na juu hakikutokea kitu. Akabonyeza upande wa kulia wa mausi, akachagua kurejesha. Hakikutokea kitu. Akajifuta uso.

"Dawa yake ni kuzima na kuwasha," akasema.

"Ukizima, wimbo utakuwepo?" mwalimu akauliza.

"Nilikuwa sijahifadhi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunarudia."

Watu wote wakamgeukia bibi. Akaweka kifuniko chini, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa kama mlango wa ghala. "Sauti ya leo nimeshawapa. Hii iliyobaki ni ya kuombea maji."

Hapo kwaya ikaanza kugombana. Mama mmoja wa soprano akasema besi wangeingia kwa wakati, wimbo ungeisha mapema na yule mwenye TV asingewakuta. Mzee wa besi akasema soprano nao wameimba kama wanafukuza ndege mpungani. Kwenye kona, penye maiki ya besi, wanaume watatu walikuwa wananong'ona na kuchekana. Mwalimu alikuwa anasema "Jamani, jamani," na prodyuza kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kuzimia.

"Samahani kaka," nikasema. "Usizime."

"Wewe nani?"

"Mpita njia."

"Ni fundi?"

"Hapana."

Alinitazama kama mtu anayetazama mvua inaanza baada ya kuanika. Lakini kidole alikiondoa. Jirani na duka la vipuri kule Mabatini kuna mtu wa kuchapa barua na kutoa nakala, na mimi nilikuwa nikishinda pale kwenye benchi lake namuuliza kila anachokifanya, mpaka siku moja akanihamishia benchi nje. Kabla ya kuhamishwa nilikuwa nimeshaona barua ya mteja ikipotea namna hii, na nilikuwa nimeshaona inavyorudishwa.

Nikaweka mausi juu ya ile alama bila kubonyeza. Pakatokea picha ndogo yenye ukubwa wa kiberiti. Ilikuwa ni ile programu yenyewe, imenywea, na ndani yake mistari ya sauti. Nikainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mstari mmoja ulikuwa unatembea. Nikakohoa. Mstari ukaruka.

"Haijapotea," nikasema. "Programu nyingine skrini ikiondolewa zinahama zenyewe. Hii imebaki kulekule ilikokuwa, kwenye TV, na TV haipo. Na bado inarekodi."

"Inarekodi nini?" mwalimu akauliza, na mstari ukaruka.

"Inaturekodi sisi."

Chumba kizima kikanyamaza mara moja. Baadaye mwalimu aliniambia kwamba katika miaka yote aliyowafundisha, ile ndiyo mara ya kwanza walimaliza pamoja. Mstari ukalala. Halafu mmoja wa wale wa kwenye kona akanong'ona, "Inalekodi hata sisi wa huku konani?" Mstari ukainuka kidogo, ukamjibu.

Nikaanza kazi. Unaichagua programu kwa kubonyeza alama yake mpaka iwake, unashika kitufe cha Alt, unabonyeza kile kirefu cha nafasi, halafu herufi M. Hapo programu inakuwa imeshikika hata kama huioni, na unaivuta kwa mishale. Shida ni kujua uivutie wapi.

"TV ilikuwa upande gani?" nikauliza.

"Kushoto," wakasema alto.

"Kulia," wakasema besi.

"Kushoto kwa aliyeingia au kwa aliyekaa?"

"Upande wa ziwa," akasema prodyuza, na wote wakakubali, hata soprano. Upande wa ziwa ulikuwa mkono wangu wa kulia. Nikashika mshale wa kushoto ili kuivutia nyumbani. Nikashika mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe. Watu walikuwa wamesogea, nahisi pumzi zao shingoni, mmoja alikuwa amekula vitunguu. Skrini ilibaki vilevile, na ile picha ya mlima aliyoiweka prodyuza.

"Mjukuu wangu," bibi akasema kwa ile sauti yake iliyokwisha, "unaivuta au unaisukuma?"

Nikaachia mshale. Nikamuuliza prodyuza: alipokuwa anapeleka mausi kwenye TV, ilikuwa inatokea upande gani wa kompyuta? Hakujua kusema, ila mkono wake ulijua. Aliuzungusha hewani, ukaenda kushoto.

"Inatokea kushoto," akasema, mwenyewe akishangaa, "halafu inaonekana kule kulia. Nilishazoea."

Yaani kompyuta ilikuwa inaamini TV iko kushoto. Wimbo wa bibi nilikuwa nausukuma mbali zaidi, na kwa muda nilioushika ule mshale, nadhani ulikuwa unakaribia Geita.

"Tangu lini unafanya kazi hivyo?" mwalimu akamuuliza.

"Miaka miwili."

"Na hukuwahi kurekebisha?"

"TV si yangu," prodyuza akasema.

Nikashika mshale wa kulia. Nilishika kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa na deni la mwendo wote niliousukumia mbali. Bibi alikuwa amefumba macho. Kisha pembeni kushoto pakachungulia ukingo wa kijivu, mwembamba kama mtu anayeangalia kama kuna mbwa kabla ya kupiga hodi. Ukaongezeka, ukaongezeka, na programu nzima ikaingia na mistari yake yote.

Vigelegele vikalipuka.

"Kimya! Inarekodi!" mwalimu akapiga kelele, na vigelegele vikazidi.

Prodyuza akasimamisha, akahifadhi, akahifadhi tena kwa jina lingine, akahifadhi na kwenye flashi, akaichomoa flashi akaishika mkononi. Ndipo akarudisha mwanzo na kufungulia spika.

Sitajaribu kuuandika ule wimbo. Unahusu msichana anayeletwa kuolewa kwa mtumbwi, anamshukuru Mungu kwa kila kisiwa anachokipita, anavitaja kimoja kimoja, na visiwa viko vingi. Sauti ya bibi ilianza peke yake, nyembamba, haina haraka, halafu kwaya ikaingia chini yake. Besi walichelewa kweli. Nilimwangalia bibi. Alikuwa ameegemeza sikio kwenye spika kama anayesikiliza mtoto aliye usingizini.

"Huyu ni mimi?" akauliza.

"Ni wewe, bibi," mwalimu akamwambia.

"Kumbe nimezeeka vizuri."

Tulikuwa tumelewa na ule wimbo, hakuna aliyekumbuka kuuzima ulipoisha. Spika ikaendelea. Tukasikia waya unachomolewa, tukasikia prodyuza na ukuta wake, tukasikia soprano na besi na ndege wa mpungani. Halafu, karibu kabisa na maiki, sauti ya mwanamume ikasema taratibu: "Na huyu mke wa mchungaji, ile si kuimba. Ile ni kuita bodaboda ya ng'ambo ya barabara."

"Zima!" wakasema watu watatu wa kwenye kona.

"Acha iendelee," akasema yule mama mnene wa mlangoni. Nilikuwa sijaambiwa kwamba yeye ndiye mke wa mchungaji. Alikuja katikati ya chumba, mikono kiunoni. "Prodyuza, irudishe kidogo. Nataka nimsikie vizuri huyo mwenye bodaboda."

Prodyuza alizima, lakini kila mtu alikuwa ameshamtambua. Mwenye sauti alikuwa anahesabu trei za mayai ukutani.

"Jumapili utaimba peke yako," mke wa mchungaji akamwambia. "Mbele. Nitakushikia maiki."

Nje, wakati wanapanda lori, mwalimu akaniuliza anishukuru vipi. Nikasema sina shida. Bibi alikuwa anainuliwa na watu wawili kuingia mbele kwa dereva, akawasimamisha katikati ya hewa.

"Kijana, unakwenda wapi?"

"Sijui, bibi."

"Mtu mzima mwenye ndevu hajui anakokwenda?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi panda. Mimi kesho natoka kwenye nyumba yangu, na nyumba isiyo na mtu huliwa na mchwa. Nimetafuta wa kumwachia wiki nzima. Wenye kwao hawataki. Unaogopa kuku?"

"Hapana."

"Mpandisheni."

Nikavuka daraja nimesimama nyuma ya lori katikati ya besi, ambao walikuwa wapole sana siku hiyo. Mke wa mchungaji aliimba njia nzima, kwa nguvu, na hakuna aliyetoa maoni. Baada ya Busisi tukaacha lami, tukafuata njia ya vumbi yenye mihogo pande zote mpaka ziwa likaonekana tena upande ambao sikuutegemea. Jua lilikuwa bado juu tulipofika.

Nyumba ya bibi ina vyumba viwili na bati jipya. Mizigo yake ilikuwa imeshafungwa, mabegi mawili na ndoo yenye mfuniko. Akanionyesha kila kitu kwa fimbo. Mlango huu unauinua kwanza ndipo unausukuma. Chini ya kitanda kuna kuku amelalia mayai, usimsumbue, na akikutazama vibaya usimtazame. Leo ninalala sebuleni, kitanda bado ni chake. Kesho akishapanda gari ni changu, mpaka nitakapochoka, kwa sababu ameshaniona kwamba ni mtu wa kuchoka.

Majirani wakaanza kuja kumuaga. Kila aliyeingia alikalishwa kwenye mkeka, na mwalimu akaamriwa kuufungulia wimbo, aliotiliwa na prodyuza kwenye simu yake, toka mwanzo, visiwa vyote. Wa tatu alipotaka kusema pole kwa safari, bibi alimnyamazisha kwa kiganja. "Subiri, hapo ndipo ninapoingia."

Kisha akanigeukia, akanyoosha fimbo kuelekea ukutani, kwenye msumari ulio karibu na mlango. Nikatundika begi langu.