Alama za Kombe kwenye Shingo ya Chungu

Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani, nikakaa. Wenzangu walikwenda Lindi na Dar es Salaam kutafuta kazi. Mimi nilitafuta kivuli barazani kwa bibi. Kazi ikanifuata huko huko. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, kwenye shamba la miwa la tajiri mmoja wa zamani, na tulipochimba vyoo tukakuta vigae vya vyungu. Akaja mtaalamu wa mambo ya kale, akataka mtu mwenye mwandiko mzuri wa kuvitia namba. Nikapatikana.

Siku ya tatu alituonyesha, mimi na wanawake waliokuwa wakienda kisimani, kipande cha shingo ya chungu.

"Hapa palikuwa na vibanda vya watumwa," akasema. "Vyungu walifinyanga wenyewe."

Shingoni palikuwa na alama za ukingo wa kombe la pwani, gamba la chaza, tatu tatu, na mkwaruzo mmoja kati yake.

Mimi, msomi, nikanyoosha mkono kama niko darasani. "Bibi yangu vyungu vyake anavitia alama hivi hivi. Alifundishwa na mama yake."

Wanawake wakatazamana. Bibi, miaka yote niliyomjua, alikuwa mwungwana wa Kilwa, asiye na mtumwa katika nasaba. Hakuna aliyewahi kupika naye harusini asisimuliwe ukoo wake. Jirani yetu akajitwisha ndoo taratibu.

"Kumbe bibi yake huyu hakuhamishwa," akasema. "Karudishwa kwao."

Nilipofika nyumbani, maneno yalishanitangulia. Bibi alikuwa uani na vyungu sita vibichi, kitambaa cha maji mkononi, anafuta alama shingoni moja baada ya nyingine.

"Shikamoo, bibi."

Marahaba sikuipata. Tangu utotoni alikuwa akiniita mume wangu. "Bwana karani," akasema, "na mtungi wangu wa maji umeshautia namba?"

"Lakini bibi, mwenyekiti kila mkutano anasema sote ni ndugu."

"Basi mwenyekiti akupikie."

Nikacheka. Nilidhani tunataniana, kama kawaida yetu. Akalichukua kombe lake, lililolika ukingo kwa kazi, akanitupia miguuni.

"Kampe mwenzako wa vigae. Mwambie limetoka kibandani."

Sikulipeleka. Ninalo mpaka leo. Bibi alifinyanga mpaka mikono ikamkatalia, vyungu shingo tupu, na mimi akaniita bwana karani mpaka tunamzika.