Fokolifti Bubu

Wiki ya pili sasa fokolifti ya ghalani ilikuwa bubu. King'ora cha nyuma, kinacholia mashine ikirudi rivasi, kilikuwa kimeungua, na kipya hakikuwa kimeletwa. Dereva wake, mgane wa mvi tupu waliyemwita Babu Rivasi, alitia ufunguo mfukoni akakaa.

"Babu, mbele inakwenda, nyuma inarudi. Unataka nini tena?" msimamizi akauliza.

"Iseme."

"Mzigo umejaa mpaka mlangoni! Kesho usipoiwasha, ufunguo nampa mwingine."

"Kesho itasema."

Zamani mashine ile haikuwa na king'ora. Mkewe ndiye aliyekuwa mfagiaji wa ghala, na kila mumewe akitaka kurudi nyuma, yeye hutangulia na ufagio. "Pisheni! Huyu mume wangu hana macho kisogoni!" Watu hucheka, wakapisha. Hakugongwa mtu hata siku moja. Sasa mkewe yuko kaburini, na ufagio ameushika mama mwingine, anayefagia ameinama, kilemba hadi masikioni.

Jioni, nyumbani, binti wa Babu Rivasi alifungua simu. "Baba, milio iko tele humu, ya bure. Huu wa zimamoto. Huu wa wizi."

"Wa wizi watanikamata mimi."

Mzee akachagua mmoja mrefu, wa upole. Binti akamtilia kwenye simu yake, akampa na spika ndogo.

Asubuhi aliifunga spika nyuma ya mashine kwa mpira, akabonyeza simu ajaribu. Tiiiii! Wapagazi wakatua magunia, wakajifuta mikono, haoo, bombani kunawa. Kumbe mlio ni ule ule wa kengele yao ya chakula.

"Ubarikiwe, Babu! Kumekucha tu, tunakula!"

Msimamizi akaja mbio, mkono mbele. "Lete ufunguo."

"Sijamaliza."

Akampigia binti. "Mwanangu, nitafutie mingine. Mikali, ya kukatikakatika."

Ikaja mitatu. Hakuwasha mashine. Alimwita mfagiaji.

"Mama, nipe mgongo. Fagia kama kawaida yako."

Wa kwanza ukalia. Mama anafagia.

"Umesikia?"

"Nini?"

Wa pili. Mama anafagia.

"Babu, mchezo huu mpaka lini?" msimamizi akafoka. "Mwingine angekwisha kuhamisha nusu."

"Na mama huyu angekuwa wapi?"

Mzee akabonyeza wa tatu. Mama aliruka pembeni, ufagio juu. "Babu! Unataka kuniua?"

"Hapana, mama. Ndicho nisichotaka."

Akapanda, akawasha. Msimamizi alitazama mkono wake mtupu, akauingiza mfukoni. Fokolifti ikaanza kurudi nyuma ikipiga kelele, na wapagazi wawili bado wamesimama njiani wanacheka.

"Pisheni nyie!" mfagiaji akawapungia ufagio. "Hamna masikio?"

Mzee alijifuta uso kwa mkono wa shati, akafuata mzigo wa kwanza.