Kosa Ambalo Fundi Hakulipata

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Mtaani walimwita Fundi, nami nikamwita hivyo hivyo. Mimi nilikuwa mbeba mizigo sokoni. Shule sikuiona. Kupima, kukata, kuhesabu, yote hayo yalikuwa yake.

Ugonjwa ulianzia jichoni. Akawa anaona uzi mmoja kama nyuzi mbili. Halafu mguu ukaanza kuikosa pedali. Mteja mmoja akamtania, "Fundi, leo umekunywa nini? Mshono unakwenda upogo." Akacheka naye. Mteja alipoondoka, akaufumua mshono wote.

Hospitali kubwa ndiko walikoujua: skelerosisi, ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Daktari, mama wa makamo, alisema ganda la mishipa linaliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, kama waya wa umeme uliogugunwa na panya. Kupona hakuna.

"Sindano tutakupa," akamwambia. "Lakini mimi nakuona mara moja moja, mama. Siku zilizobaki daktari ni wewe."

Maneno hayo aliyashika kama mtu aliyepewa kazi. Akajichunguza kama alivyokichunguza kitambaa, wapi kinavutika, wapi kitachanika. Aliona joto linamlegeza, basi akawa anashona alfajiri, kitambaa kibichi shingoni, na mchana analala. Sindano alijidunga mwenyewe pajani. Vidole alivinyoosha ukingoni mwa meza kila asubuhi. Cherehani aliifungia mpini wa mkono, mguu upumzike. Kilichomsumbua zaidi ni kupumzika kabla hajachoka. Fundi hupumzika nguo ikiisha. Hata hilo alijifunza, akawa anaiacha sketi nusu, sindano ya cherehani ingali kwenye kitambaa.

Shemeji yangu, dada yake mkubwa, alikuja na sufuria ya maji ya moto.

"Nikukande, mishipa ilegee."

"Imeshalegea, dada. Ndiyo shida yenyewe."

"Mkaidi wewe, tangu utotoni."

"Basi kapikie chai hayo."

Tulicheka. Nilipombeba kumpeleka kitandani aliniambia, "Taratibu, mimi si gunia la mchele." Wakati ule tuliamini. Alitaka kitu kimoja tu, mikono yake ibaki kazini, na alifanya kila alichoambiwa ili ibaki.

Mikono ikaenda. Wa kushoto kwanza, wa kulia ukafuata. Mkasi ukawa mzito kwake kama chuma cha reli.

Hapo akaanza kutafuta kosa. Nguo ikikaa vibaya, kwa fundi kuna mahali pamekosewa, na unafumua mpaka upafikie. Akawa anafumua siku zake.

"Ile siku ya harusi ya jirani nilikaa juani, eh?"

"Ulikaa kivulini."

"Basi ile sindano niliyochelewa."

"Hukuchelewa, Fundi."

"Wewe hukumbuki."

Ikawa ndiyo mazungumzo yetu. Nilichoka kumwona akijishtaki. Tuliporudi kliniki nikamuuliza daktari mbele yake, "Amekosea wapi?"

Daktari akavua miwani. "Hajakosea popote, baba. Wapo wanaofanya yote, na ugonjwa unakwenda tu."

Nilidhani nimemtua mzigo. Nyumbani nilipomlaza, akasema, "Kumbe hakukuwa na kosa."

"Hakukuwa."

"Lingekuwepo ningelirekebisha, mume wangu."

Nilimfunika shuka.

Tangu hapo hakujaribu tena kunyoosha vidole. Nilimnyooshea mimi, akaniachia mkono kama si wake. Watu wakimwambia "Jitahidi, Fundi," anatazama ukuta. Mteja wake wa zamani alileta gauni, akitaka tu aelekezwe wapi apunguze.

"Kata popote," akamwambia.

Msimu wa baridi kifua kikajaa, tukamzika. Pale mazikoni mtu mmoja alinisogelea, akasema ugonjwa ule ukijitunza unaishi nao miaka mingi, labda marehemu hakujitunza.

Nilimwacha aseme.