Kiingereza Changu cha Karatasi Moja

Nimewahi kuongea Kiingereza na Mzungu mbele ya darasa zima, na kati yetu wawili hakuna aliyejua mwenzake anauliza nini.

Msicheke kwanza. Cheti changu kilitoka hapo. Mke wangu pia.

Ilikuwa 1986, Musoma. Sukari tulikuwa tunaisikia tu, sabuni unaipangia foleni, na suruali za mitumba ndiyo kwanza zimeanza kuuzwa sokoni bila mtu kukimbizana na mgambo.

Mimi Masatu, mtoto wa Kiriba, nilikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ufundi, nasomea mitambo. Spana nilikuwa naziweza. Kilichonitoa kamasi ni somo moja, Kiingereza cha ufundi.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa mdomo. Unasimama mbele ya mtahini kutoka nje, unaeleza injini kwa Kiingereza. Sasa darasa la watu kumi na wawili lilikuwa na kitabu kimoja, mwongozo wa injini ya dizeli.

Mwalimu Silasi akapata akili. Akachukua wembe, akakichana kitabu mbele yetu.

"Kila mtu na karatasi zake," akasema. "Mnazimeza, halafu Ijumaa mnabadilishana."

Ijumaa ikafika, akabadilishana nani? Mwenye karatasi alikuwa mfalme. Boniphace, jamaa wa Kigera, aliangukiwa na sura ya kuwasha injini. Akaanza kutembea bwenini utadhani ameiunda yeye, na usiku anazilalia karatasi zake chini ya godoro.

Mimi nikaambulia karatasi moja, ya mwisho kabisa. Mbele ukurasa wa arobaini na moja, nyuma wa arobaini na mbili. Habari yake ilikuwa namna ya kuhifadhi injini isiyotumika.

"Masatu, sisi tunawashaga, wewe unalazaga!" Boniphace akasema. Bweni zima likacheka mpaka vitanda vikalia.

Niliumia, lakini nikameza. Nilimeza ile karatasi pande zote mbili, na nukta zake. Maana yake sikuijua na wala sikuitafuta. Nilichotaka ni cheti.

Kwa sababu ya Hyasinta. Baba yake, Mzee Keraryo wa Nyasura, alishanichana laivu: "Kijana, binti yangu haendi kwa mtu asiye na cheti. Wavuvi ninao wengi hapa." Na nilikuwa na habari za jamaa mmoja mwenye ng'ombe aliyekuwa anasubiri nifeli tu.

Siku ikafika. Tukapakiwa kwenye lori mpaka Bunda, kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Bandani kulikuwa na injini mpya ya msaada, haijawashwa miaka miwili. Bomba lake la moshi, ekzosi kama tunavyoiita, limetoboa paa likatokea juu.

Mtahini alikuwa Mbulgaria, Bwana Dimitar, pande la mtu ndani ya kaptura. Sura yake haikuwa na utani hata kidogo.

Boniphace akaitwa wa kwanza. Akamwaga sura yake ya kuwasha, neno kwa neno, kifua mbele. Kisha akapiga hendeli.

Injini ikakohoa mara mbili, ikafa.

Akarudia. Ikakohoa, ikafa. Akarudia mpaka shati likamgandia mgongoni. Kwa kuwa hakuwa na karatasi nyingine, akaanza kumwaga ile ile upya, kwa sauti kubwa zaidi.

Akaja wa mafuta. Akaja wa oili. Akaja wa maji. Watu kumi na moja, injini moja, kukohoa kule kule. Mwalimu Silasi alikuwa ameshika kichwa.

"Masatu!"

Nikasogea mbele. Bwana Dimitar akaniuliza swali refu la Kiingereza. Nilielewa neno moja tu, "engine".

Akilini nikamwona Hyasinta akienda zake na mwenye ng'ombe.

Nikafumba macho, nikamwaga nilichokuwa nacho: "Before storage, drain all water from the engine!"

Nilipofumbua macho Mbulgaria alikuwa amenikazia macho. Akakohoa. Akasema, "Clean all parts with a dry cloth."

Nikashtuka. Ule ulikuwa mstari wangu unaofuata!

Nikamrushia wa tatu. Akanirudishia wa nne. Tukaenda hivyo hivyo, mimi mmoja yeye mmoja, tukamaliza ukurasa, tukageuza. Darasa limetoa macho. Mwalimu Silasi anatikisa kichwa kwa furaha, anadhani ni mjadala wa kitaalamu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Huyu Mzungu naye Kiingereza hajui! Alikariri kitabu kile kile huko kwao.

Akafika mstari wa tano wa ukurasa wa arobaini na mbili: "Plug the exhaust pipe against rain and birds."

Zamu ya kujibu ilikuwa yangu.

Kwa mara ya kwanza tangu nipewe ile karatasi, nilijiuliza inasema nini. "Rain" na "birds" nilizijua tangu shule ya msingi, "exhaust" ndiyo ekzosi yetu: ziba ekzosi, mvua na ndege wasiingie.

Nikatazama juu, kwenye paa. Naye akatazama juu. Uso ukamwiva.

Sikuomba ruhusa. Nikapanda paani, nikaingiza mkono kwenye ekzosi, nikavuta. Likatoka furushi la pamba limeshindiliwa, limefungwa kwa waya, nadhifu kabisa. Nikashuka, nikapiga hendeli mara moja.

Injini ikanguruma. Watu wakanibeba juu juu.

Bwana Dimitar akanivuta pembeni. Akaninong'oneza kwa Kiswahili safi cha Bunda: "Ndugu yangu, nyamaza. Mimi ndiye nilizibaga, mwaka juzi injini ilipoletwa. Nikasahau."

"Alama je?"

"Sema unataka ngapi."

Nikachukua tisini na nane. Mia ingeleta maneno.

Nilipokwenda kuposa, Mzee Keraryo akataka akisikie hicho Kiingereza cha cheti. Nikasimama sebuleni kwake, nikamwaga karatasi nzima kwa hisia. Mzee akafuta machozi, akasema hajawahi kusikia maneno mazuri hivyo juu ya binti yake.

Leo nina karakana yangu Butiama. Vijana wakija na makaratasi yao ya kukariri siwacheki. Nawaambia kariri tu, lakini ukipumzika kidogo jiulize unachosema kina maana gani, kwa sababu mimi nilibeba jibu kichwani miezi mitatu bila kujua ni jibu.

Huwa nawasimulia kwa madoido sana, paa naliongeza urefu kila mwaka.

Hyasinta akichoka kunisikiliza anapita na ndoo yake, wala hanitazami, anasema kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu: "Plug the exhaust pipe."

Nanyamaza.